Nimemwacha Mwana

Dresden, Ujerumani ya Mashariki
8 Novemba 1981

Mwana,

Sitaanza na "hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami", maana shuleni barua zote tuliziandika hivyo na hakuna aliyekuwa na hofu yoyote. Mimi nina hofu kweli. Nina hofu utanisahau sura.

Sisi ni mke na mume wa ajabu. Ndoa imesomwa Septemba barazani kwa baba yako, wiki ile ile nikapanda ndege, wewe ukabaki ndani kwenu Masaki. Nimewahi kukuona mara chache tu, na mojawapo ulikuwa umejifunika ushungi nikaona pua. Baba yako Mzee Kitwana amenipa miaka miwili nirudi nikuchukue, ikipita hiyo kila mtu ashike njia yake. Kauli ya Mzee naijua haivutiki kama mpira.

Siku ile uliniuliza kupitia mlangoni naenda Ulaya kusoma nini. Nikajibu "pampu", ukacheka. Basi nikueleze. Kiwandani kwetu Dar es Salaam tuna pampu ya kusukuma oksijeni ya hospitali. Inaposukumwa si hewa, ni kimiminika, na ni baridi kiasi kwamba barafu mbele yake ni uji wa moto. Pampu ikikivuta kwa nguvu, kinachemka humo humo ndani ya baridi yake na kutoa viputo. Viputo vikipasuka vinang'ata chuma. Baada ya miezi michache mabapa ya pampu yanakuwa kama yameliwa na mchwa, pampu inakufa, wagonjwa wanakosa hewa, na sisi tunaagiza nyingine kwa fedha za kigeni ambazo nchi haina.

Kazi yangu ni kuvijua viputo kabla havijazaliwa. Pampu yenyewe siigusi. Naandika hesabu, natoboa matundu kwenye kadi, napeleka kadi dirishani, na kompyuta inanijibu kwa karatasi ndefu inayotosha kushona suti. Kila kitu ndani ya hesabu lazima kiwe na jina fupi. Wenzangu wanatumia herufi mbilimbili zisizo na ladha. Mimi kitu kimoja nimekipa jina lako. Kipi, sikwambii.

Wasalimie Baba na Mama. Wewe sikusalimii, nakungojea.

Wako,
Zahoro

*

Masaki, Kisarawe
20 Desemba 1981

Ndugu Zahoro,

Barua yako imefika na nimeisoma jikoni, chooni na darasani. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wameniuliza mbona mwalimu anacheka ubaoni. Nikawaambia desimali zinachekesha, hakuna aliyeamini.

Huku tuko kwenye korosho. Mikono yangu imebabuka kwa utomvu, kwa hiyo usifikiri mwandiko huu mbaya ni wa ualimu wetu wa haraka haraka wa UPE. Sukari imekuwa hadithi. Chai tunainywa kavu, na Baba husema ndivyo walivyokunywa mababu, ingawa sisi sote tunajua mababu hawakuwa na chai.

Baba hakutaji. Ila mgeni yeyote akifika humuuliza, "Eti miaka miwili ni mingi?" Yule Maneno wa duka la ushirika hupita kila Ijumaa na kipande cha sabuni, anasema amekuja kumjulia hali Mzee. Mzee ni mzima kuliko yeye. Sabuni tunaipokea, tunamwombea dua. Nakwambia haya ili usije ukayasikia kwa mtu mwingine, na pia ili usichelewe.

Mama yako alitutembelea kutoka Kongowe na kuku wawili. Alinishika kidevu akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Zahoro ana macho." Nikamwambia asante.

Sasa niambie umenipa kazi gani humo kwenye mashine. Isije ikawa mimi ndiye kiputo kinachotafuna chuma cha serikali.

Mimi,
Mwanahalima

*

Dresden
16 Machi 1982

Mwana mpenzi,

Nisamehe kimya cha tangu mwaka mpya. Mambo yalikuwa mabaya nami sikutaka kukutia homa. Hesabu yangu ilikataa kulingana na vipimo vya maabara. Vipimo vilionyesha viputo vichache, hesabu yangu ikaleta viputo kama sufuria ya wali. Profesa akaniambia kwa upole kwamba nisipopata kosa kabla ya Pasaka, tutaanza upya na nitahitaji mwaka wa ziada. Mwaka wa ziada maana yake nimepitiliza muda wa baba yako. Nilikuwa nalala na jambo hilo na kuamka nalo.

Leo kosa nimelipata. Nalo ni wewe.

Sikiliza, mwalimu. Kwenye maji ya kawaida kiputo huzaliwa na kufa bila kubadili joto la kuhesabika. Kwenye vimiminika hivi vya baridi kali si hivyo. Kiputo kikitaka kuzaliwa lazima kiazime joto kwa jirani. Jirani anazidi kupoa, na kiputo kinachofuata kinapata shida kuzaliwa. Kwa hiyo huo upungufu mdogo wa joto ndio unaovizuia viputo visifurike. Bila huo hesabu yote ni uongo. Na huo ndio nilioupa jina lako. Niliuita MWANA.

Sasa kompyuta ina sheria yake. Jina lolote linaloanza na herufi yoyote kuanzia I mpaka N, inalichukua kuwa la namba kamili, na desimali inazitupa. Niliambiwa siku ya kwanza, nikasahau kwa mapenzi. M imo humo! Kila hatua joto lilikuwa linapungua robo digrii, nusu digrii, na mashine ikawa inaandika sifuri. Mke wangu, miezi mitatu nimekuwa nakuhesabu sifuri.

Nimetoboa kadi zote upya. MWANA nimemtoa, mahali pake nimeweka HALIMA. H inaruhusiwa desimali, na nafasi ni za herufi sita tu, umeenea kama umepimwa. Kadi nimezipeleka dirishani. Jibu nitalipata kesho kutwa, nami nitakuletea habari hapo hapo.

Niombee.

Zahoro wako

*

(Kadi ya posta, picha ya daraja)

Dresden
18 Machi 1982

Salaam wote wa Masaki!

Furaha yangu haina kifani. Nimemwacha Mwana. Sasa niko na Halima, na tangu nimchukue mambo yote yamenyooka. Baba asiwe na wasiwasi, nitarudi kwa wakati.

Zahoro

*

Masaki, Kisarawe
19 Aprili 1982

Kwa Bwana Zahoro, aliyeko Ujerumani.

Wabaada ya salaam, sisi ni wazima.

Kadi yako yenye picha ya daraja imefika. Mwanangu Husseini aliichukua posta Kisarawe akaisoma, na aliyekaa naye garini akaisoma, kwa kuwa haikuwa na bahasha. Ilipofika kwangu watu walikwisha nipa pole njiani, nami sijui napewa pole ya nini.

Umeandika kwamba umemwacha Mwana na umemchukua Halima. Katika nyumba hii Mwana ni mmoja. Huyo Halima simfahamu. Husseini anasema huko wako wasichana wa Unguja wanaosoma. Sawa. Mimi sigombani na mtu aliyechoka. Lakini mtu akichoka na mtoto wa mwenzie humrudisha kwa watu wazima wawili na maneno ya staha. Hamtupi kwenye kadi, tena akasema mambo yamenyooka.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mfaume wa msikitini. Amesema mambo matatu mzaha wake ni kweli: ndoa, talaka na rejea. Amesema vilevile kwamba neno la maandishi hutazamwa nia ya aliyeandika, na kwa ajili hiyo ndiyo nakuuliza. Mkono ni wako? Ulikusudia nini? Wewe hujaingia kwa binti yangu, kwa hiyo hana eda. Likithibiti, yuko huru siku hiyo hiyo, na wapo wanaouliza.

Nijibu. Na utie kwenye bahasha.

Kitwana bin Zahoro, mtoto wa wajina wako na mkweo, kama bado.

*

Masaki
19 Aprili 1982

Ndugu Zahoro,

Baba ameandika yake, haya ni yangu. Natia barua hii kwenye bahasha yangu mwenyewe, hajui.

Najua unapenda mzaha. Kadi ile nimeisoma nikitafuta mahali pa kucheka. Sikupaona. Wewe hujaandika tangu Januari, halafu unawaandikia "wote wa Masaki" kwamba umeniacha. Hukuniandikia hata mimi. Walimu wenzangu wananipisha njia kana kwamba nimefiwa, na Ijumaa Maneno amekuja na mche mzima wa sabuni.

Nilikuwa nimekuandikia barua kabla ya kadi yako, ndefu, na humo kwa mara ya kwanza nilikuita mume wangu. Nimeichana.

Kama ni kweli, usiniandikie kunieleza Halima yukoje. Kama si kweli, fanya haraka, Zahoro. Naumia.

Mwanahalima Kitwana

*

Masaki
5 Mei 1982

Zahoro wangu, mjinga wangu,

Barua yako ya tarehe 16 Machi imefika leo. Unajua ilikuwa wapi? Kwenye bahasha umeandika "Masaki, Tanzania", basi. Kisarawe umeisahau. Barua imekwenda Masaki ya Dar es Salaam, kwenye majumba ya wakubwa, ikazungushwa mlango kwa mlango mpaka mpishi mmoja, mtu wa huku kwetu, akaliona jina la Kitwana akaileta alipokuja likizo. Mungu amlipe.

Nimeisoma nikacheka mpaka Mama akaja mbio akidhani nimepandisha shetani. Kisha nikalia. Miezi mitatu sifuri! Darasani kwangu mtoto akitupa desimali namsimamisha, wewe umemtupa mke.

Nikamsomea Baba yote, neno kwa neno. Nikamchorea chini kwa kijiti, hiki kiputo, huyu jirani, hili joto. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa amemwacha au hajamwacha?" Nikasema aliyeachwa ni wa kwenye mashine. Akasema, "Na mimi nitajuaje kalamu ilimlenga yupi? Yule Mwana, huyu Mwana."

Mwalimu Mfaume anasema barua hii ni dalili nzuri, lakini iliandikwa kabla ya kadi. Mtu huweza kubadilika siku moja, seuze mbili. Lazima useme mwenyewe nia yako ilikuwa nini ulipoiandika ile kadi. Baba amekasirika hata kama huna kosa. Anasema neno limeshatembea mji mzima, na mtu anayechanganya mke na hesabu atachanganya na mengine. Anaona heri tumalize kwa amani. Maneno ametuma mshenga.

Mimi sina shaka nawe tena. Lakini si shaka yangu inayoamua hapa. Nakuandikia hili ili ujue saa hii nasimama wapi, na ujue kwamba peke yangu sitoshi.

Wako,
Mwana, mwenye desimali zake zote

*

Dresden
10 Mei 1982

Kwa Baba yangu Mzee Kitwana,

Shikamoo Baba.

Barua yako na ya Mwana zimenifikia juzi kwa pamoja. Nimesoma yako nimesimama, nikakaa chini.

Mkono ni wangu. Talaka sikukusudia. Naapa kwa Mwenyezi Mungu anayejua kilichomo kifuani, nilipoandika kadi ile mke wangu hakuachwa moyoni wala ulimini. Niliandika habari ya kompyuta. Ndani ya hesabu kulikuwa na kitu nilichokiita Mwana, nikakibadili jina nikakiita Halima, na Halima ni yeye huyo huyo, jina lake lile lile nililolikata mbele lipate kuingia. Hapa hakuna Halima mwingine, awe wa Unguja au wa wapi. Nilidhani barua ya maelezo imetangulia. Nimemwaibisha binti yako mbele za watu, nimekuaibisha na wewe, na hilo haliondoki kwa kuapa. Naomba radhi.

Hesabu imelingana na vipimo. Profesa amethibitisha nitamaliza Juni mwakani, ndani ya muda ulionipa. Lakini ukiona kadi ile imetia doa, ndoa na isomwe upya. Namweka wakili ami yangu Salehe wa Kongowe asimame badala yangu, na barua yake nimeiambatanisha humu. Ukiniambia nije mwenyewe, nitakatisha masomo nije mwezi huu huu. Pampu itasubiri.

Lakini Baba, nina ombi moja, nalo nalisema kwa adabu. Mimi umeniuliza nia yangu, nimejibu. Muulize na Mwana ya kwake. Akisema amechoka, sitamlaumu, wala sitaleta neno jingine nyumbani kwako.

Mtoto wako,
Zahoro

*

Kongowe, Kibaha
19 Juni 1982

Mume wangu,

Tazama hapo juu nimeandikia wapi. Tulia, usiruke, nakupa kwa utaratibu.

Barua yako ilifika ikiwa ndani ya bahasha, na Baba akaisifu bahasha. Akaisoma mwenyewe, miwani puani, kisha akampelekea Mwalimu Mfaume. Mwalimu akasema hakuna talaka, mtu ameapa na nia imejulikana, ila kwa kukata maneno ya watu si vibaya ndoa ikasomwa tena. Basi Jumapili iliyopita wakaja Ami Salehe na Mama yako, baraza ikajaa. Nadhani waliokuja kusikiliza walikuwa wengi kuliko waliokuja kwenye ndoa ya kwanza.

Ile ya kwanza hukuiona upande wa ndani, nikueleze. Alikuja mjomba akasimama nyuma ya pazia akaniuliza kama nimekubali. Nikanyamaza. Wakasema kimya cha mwali ni idhini, wakapiga vigelegele, ikaisha. Hakuna aliyejua nilinyamaza kwa kukubali au kwa woga. Hata mimi sikujua, Zahoro. Nilikuwa nakujua sura na sauti tu.

Safari hii Baba hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akavua kofia. Akasema, "Mwana, mumeo ameniomba nikuulize, nami naona aibu kwamba nilihitaji kuombwa. Unamtaka mtu huyu? Kama humtaki, leo ndiyo siku yake, na mimi ndiye nitakayesimama nawe."

Nikasema, "Namtaka." Nilisema kwa sauti, barazani wote wakasikia. Shangazi akanifinya paja akaninong'oneza ninyamaze, mwali hasemi hivyo. Nikasema tena, "Namtaka, Baba. Na sitaki kungojea hapa. Nataka nikamngojee kwake."

Mwali hajipeleki kwa mume ambaye hayupo, tangu lini? Baba alinitazama. Nikadhani ni hasira, kumbe analia. Akamgeukia Mama akasema, "Mfungashie mwenzio."

Basi ndoa ikasomwa, na jioni nikaondoka na Mama yako. Baba alitusindikiza mpaka kituoni akiwa amebeba godoro langu kichwani, hakukubali Husseini alishike. Maneno alikuwa amesimama mlangoni pa duka. Alinipa mkono, akasema kila la heri, na nikaona ni mtu mwema kumbe. Uhamisho nimeomba, wameniahidi shule ya hapa Kongowe baada ya likizo.

Watu wa hapa wamekuja kutazama bibi arusi asiye na bwana arusi. Jirani mmoja akamuuliza Mama yako, "Sasa mwenyewe yuko wapi?" Mama akamjibu, "Anasoma, wewe ulisoma wapi?" Nikaingia ndani nikacheka. Mwezi wa Ramadhani unaandama wiki hii, tutafunga pamoja, yeye na mimi, na yeye ameshaniambia futari yangu haina nazi ya kutosha.

Chumba chako kimepigwa chokaa. Kitanda nimekigeuza kitazame dirisha. Shati lako la kazini lilikuwa bado kwenye msumari, sijalifua.

Soma umalize, usikimbie kwa ajili yangu. Wale wagonjwa nao wana wake zao na waume zao. Nakupenda, hilo nalo nalisema kwa sauti, Mama yuko uani na bila shaka amenisikia. Ukirudi usinifuate kwetu Kisarawe. Njoo moja kwa moja hapa, upige hodi kwenye mlango wako mwenyewe, nami nitakwambia karibu.

Mkeo,
Mwanahalima